Bahari Inasingiziwa: Kutu ya Nondo Huanzia Kwenye Karai

Simama chini ya kibaraza cha ghorofa lenye umri wa miaka kumi na tano hivi linalotazama bahari, iwe Paje, Jambiani au Nungwi, uinue macho utazame dari. Usitazame pale mvua inapopiga, tazama upande wa ndani, penye kivuli. Utaona ufa mwembamba ulionyooka kama uliopigwa rula, madoa ya rangi ya chai kandokando yake, na mahali pamoja zege limeachia kipande cha ukubwa wa sahani. Ndani ya tundu hilo imo nondo. Ilitiwa ikiwa ya milimita 12. Sasa imekonda kama penseli, imevaa magamba yanayobanduka kwa ukucha. Ukiuliza kulikoni, jibu liko tayari mdomoni: "Bahari hiyo bwana, hapa chuma hakikai."

Jibu hilo linapendwa kwa sababu halimgusi mtu. Bahari haina ofisi, haiwezi kudaiwa. Lakini ukiipiga hesabu, kutu nyingi ya nyumba za Unguja na Pemba haikuja na upepo. Ilitiwa siku ya kumwaga zege, kwa karai na ndoo, au iliachiwa njia na aliyekunja ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo.

Bahari ina lake, hilo halina ubishi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na gramu 19 za hizo ni kloridi, ambayo ndiyo hasa adui wa chuma. Wakati wa kusi, mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba wa mashariki ya Unguja, upepo huchukua vumbi la maji ya chumvi na kulipaka kwenye kuta. Chumvi hiyo haingoji mvua ili ilowe. Chumvi ya jikoni huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa Visiwani hupita hapo mara kwa mara. Kloridi ya magnesi, nayo imo baharini, huvuta maji hata unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Maana yake ukuta wenye chumvi haukauki, hata ukiugusa ukauona mkavu. Na ndiyo sababu chini ya upenu huoza kabla ya mahali panaponyeshewa: masika husuuza, kivuli hulimbikiza.

Lakini chumvi ya upepo hutua juu ya zege, haitui juu ya nondo. Zege zima ni ngome nzuri kwa chuma. Saruji iliyoshika ina ukali wa alkali, si wa asidi, wa pH 12.5 hadi 13 (maji safi ni 7), na katika ukali huo chuma hujivika utando mwembamba sana usioruhusu kutu kuanza. Utando huo hupotea kwa njia mbili. Hewa ya ukaa huingia kidogo kidogo na kushusha pH hadi chini ya 9, nao ukayeyuka wote. Au kloridi hufika kwenye nondo na kuutoboa matundu matundu, hata kama saruji bado ni kali. Hapa kwetu njia ya pili ndiyo yenye haraka, tena ina ubaya wake wa pekee: kloridi haiishi kwa kazi. Ikishakula chuma huachiwa huru, ikarudi kula tena. Kutu nayo huchukua nafasi mara mbili hadi mara sita ya chuma kilicholiwa, na hakuna zege linalostahimili kusukumwa kutoka ndani namna hiyo. Ufa ule ulionyooka ni ramani ya nondo iliyo nyuma yake.

Sasa tuje kwenye karai. Viwango vya ujenzi vinavyofuatwa sehemu nyingi, pamoja na vile vya Uingereza ambavyo wahandisi wetu wengi wamesomea, vinataka kloridi yote ndani ya zege lenye nondo isizidi asilimia 0.4 ya uzito wa saruji. Mfuko wa kilo 50 basi unaruhusu gramu 200, jumla, kutoka kila kitu: mchanga, kokoto, maji na dawa za kuchanganyia.

Chukua mchanganyiko wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mfuko mmoja ni kama lita 35, kwa hiyo mchanga ni lita 70, uzito wake kama kilo 105. Ukiwa umechotwa pwani na kuachwa uchuje tu, hubaki na maji kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, yaani lita nane na nusu za maji ya bahari. Zidisha kwa 19: gramu 160 za kloridi. Hujatia hata tone la maji, na zaidi ya robo tatu ya kibali imeshaliwa. Ongeza maji ya kisima cha karibu na pwani chenye ladha ya chumvi, tuseme gramu 2 za kloridi kwa lita. Ukitia lita 30 umeongeza gramu 60. Umefika 220. Nyumba imevuka mpaka kabla haijaezekwa, kabla upepo wa kusi haujaigusa. Anayechanganya kwa maji ya bahari yenyewe, na wapo, anatia gramu zaidi ya 500 kwa kila mfuko. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wengine hudhani kuuanika mchanga juani kunauponya. Jua huondoa maji, chumvi inabaki pale pale. Mchanga uliolowa na kukauka mara kadhaa kwa bamvua unaweza kuwa na chumvi nyingi kuliko ule uliotoka majini leo.

Dawa ni kuusuuza, na hesabu yake inapendeza. Tia kilo 105 hizo kwenye pipa lililotobolewa chini na kuwekewa gunia, ziba tundu, mimina lita 40 za maji baridi (yasiyo na chumvi), koroga kwa koleo mpaka chini, kisha fungua yachuje. Zile lita nane na nusu za maji ya chumvi zimechanganyika na 40, kwa hiyo kinachobaki ni chini ya moja ya tano: kloridi imeshuka kutoka gramu 160 hadi 28. Rudia mara moja, inafika gramu 5. Madumu manne ya maji kwa mfuko mmoja wa saruji. Kosa la kawaida ni kuumwagia mchanga maji ukiwa umerundikwa chini: maji hupita kwenye njia zake mbili tatu, chumvi ya juu hushuka ikakaa chini ya rundo, na koleo la mwisho la jioni ndilo linalobeba yote. Zaidi ya hayo, kuchota mchanga ufukweni bila kibali ni kosa, na ufuo unaochimbwa leo ndio unaolinda msingi wa nyumba hiyo hiyo. Mchanga wa shimo la bara ndio wa kununua. Haya ya pipa ni kwa yule aliyeletewa lori asilolijua. Kuonja si aibu: weka mchanga kidogo kwenye glasi ya maji safi, koroga, acha utulie, onja maji. Ukisikia chumvi, usuuze.

Kokoto zetu za mawe ya matumbawe nazo zina tabia yao. Zina vitundu na hunywa maji. Zikitiwa kavu huyanywa maji ya zege, fundi anaona zege limekuwa gumu, anaongeza ndoo. Ziloweshe kwa maji baridi tangu usiku, zitiwe zikiwa zimeshiba lakini hazichuruziki.

Ndoo hiyo ya ziada ndiyo kosa kubwa la pili. Kwa mfuko mmoja, maji yasizidi lita 25, yaani dumu moja na robo, pamoja na yaliyomo kwenye mchanga. Zege la namna hiyo ni zito kulichota na linataka vaibreta, mashine ya kulitikisa lishikane, na fundi anayelipwa kwa siku atapenda la lita 35, linalotiririka lenyewe kwenye kona. Saruji haizihitaji lita hizo kumi. Zitaondoka baadaye kwa kukauka, na kila mahali zilipokuwa patabaki kinjia chembamba cha kupitisha chumvi na hewa. Ukitaka zege laini tumia dawa ya kulainisha, si maji. Pima kwa dumu, bomba la mpira liwe mbali na mashine. Kisha lifunike kwa magunia na kulimwagilia maji baridi siku saba, kumi kwa upande unaotazama bahari. Anayemwagilia kwa maji ya kisima cha chumvi anafanya jambo baya pia: maji huvukia kila siku, chumvi hujilundika kwenye ngozi ya zege, tena wakati bado ni changa na lina vinyweleo wazi.

Tatu ni unene wa zege baina ya nondo na hewa. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapofia, na ndipo pasipohitaji fedha. Muda wa chumvi kufika kwenye chuma hauendi sambamba na unene, huenda kwa mraba wake. Zege likiwa lile lile, kama chumvi huchukua miaka 8 kupenya milimita 25, itachukua kama 32 kupenya 50. Sentimita mbili na nusu za zege, miaka 24. Hakuna rangi inayouza miaka kwa bei hiyo.

Kwa upande wa nje unaopigwa na upepo wa bahari, nataka milimita 50, na zipimwe hadi kwenye ringi, kwa sababu ringi ndiyo iliyo nje kabisa. Chukua nguzo ya inchi 9, kama milimita 225. Toa 50 huku na 50 huku, ringi iwe na upana wa 125 kwa nje. Mkunja ringi aliyezoea bara atakukunjia 175, kwa sababu ndivyo kipimo chake kilivyogongelewa kwenye ubao, na hapo kila upande umebaki na 25 kwenye karatasi. Kwenye nguzo halisi nondo huegemea upande mmoja, basi upande huo una 10 na mwingine 40. Upande wa 10 ndio utakaopasuka, na watu watashangaa kwa nini nguzo imeoza upande mmoja.

Biskuti, vile vipande vidogo vya saruji vinavyoitenga ringi na ubao, ndizo zinazozuia kuegemea huko. Zimiminwe mapema kwa saruji na mchanga 1:2, unene wa milimita 50 kamili, zikiwa na waya ndani wa kufungia, zilowekwe majini siku saba, kisha zifungwe kwenye ringi kila mita moja au chini ya hapo, pande zote nne. Kipande cha jiwe la tumbawe si biskuti. Kinanywa maji na kuyafikisha kwenye nondo kama utambi. Kipande cha ubao kibaya zaidi. Na waya wa kufungia: ncha zake zikunjwe ziingie ndani. Ncha moja iliyogusa boksi (mbao za kuzuilia zege) huota kutu ndani ya masika ya kwanza, nayo ikawa mlango.

Wajenzi wa majahazi walilijua hili kabla ya saruji kufika. Msumari wa chuma haupigwi hivi hivi kwenye mbao. Tundu hutobolewa kwa keke, msumari huvikwa pamba iliyolowa mafuta ndipo uzamishwe, na mbao hunyweshwa sifa, yaani mafuta ya papa. Hawakutegemea rangi ya juu. Waliifunga njia ya maji hadi kwenye chuma.

Halafu kuna zile nondo za matumaini, zinazochomoza juu ya paa zikingoja ghorofa ambalo watoto watalijenga. Miaka kumi zinasimama kwenye upepo, maji ya chumvi yanateremka nazo hadi ndani ya kichwa cha nguzo. Siku ghorofa linapojengwa, fundi huzipiga brashi akaunganisha. Kilicho juu kinaonekana na kinaweza kukatwa. Kilicholiwa ni ile sentimita chache palepale nondo inapoingia kwenye zege. Ukitaka kuziacha, zipake uji mzito wa saruji, zizungushie zege hafifu la kubomoka kirahisi, na mteremko wa juu ya nguzo umwage maji nje. Usizivishe chupa za plastiki tupu: chupa huhifadhi unyevu.

Nyumba iliyokwisha kuoza je? Kwanza igonge kwa nyundo ndogo. Zege zima hulia kwa ukali, lililoachana na nondo hulia kama debe tupu; lizungushie chaki. Kisha ujue kosa linalorudiwa kila mwaka kila mtaa: kubandua kipande kilicholegea, kupiga lipu, kupaka rangi. Baada ya miaka miwili au mitatu kiraka kinakuwa kizima, na zege linapasuka sentimita chache pembeni yake. Mwenye nyumba anadhani kutu imetembea. Haikutembea. Nondo ile ni moja, kama betri: sehemu inayooza huilinda jirani yake kwa kujitoa yenyewe. Ukiifunika sehemu hiyo kwa saruji mpya isiyo na chumvi, imepona. Jirani yake, aliye bado ndani ya zege la zamani lenye chumvi, amekosa mlinzi. Sasa ni zamu yake.

Kwa hiyo usiishie pale kutu inapoishia. Chimba mpaka uone nondo safi urefu wa milimita 100 kila upande, na uchimbe nyuma yake milimita 20 hadi 25 ili zege jipya liizunguke. Isafishe kwa brashi ya mashine mpaka ing'ae, kisha isuuze kwa maji baridi yenye nguvu, maana chumvi iliyojificha kwenye vishimo haionekani. Kama nondo imepoteza robo ya unene wa mwili wake, ongeza nyingine kando yake, ipishane na nzima kwa mara 40 za kipenyo: nondo ya milimita 12 inataka milimita 480. Pembezoni mwa kiraka unaweza kufunga vipande vya zinki vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo; vinaoza vyenyewe badala ya nondo ya jirani. Vinagharimu, na hutibu pale vilipo tu. Nguzo iliyojaa chumvi mwili mzima haitibiki kwa viraka, na mhandisi anayesema vingine anauza lipu.

Mabati nitayasema kwa ufupi. Dukani sote tunauliza geji. Geji ni unene wa bati, nayo inasema kidogo sana juu ya kutu. Kinachozuia kutu ni zinki iliyopakwa, nayo hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati la gramu 100 lina zinki ya maikroni 7 tu kila upande (maikroni elfu moja ni milimita moja). La gramu 275 lina kama 20. Katika daraja la pwani kali, linaloitwa C5 katika kiwango cha kimataifa cha ISO 9223, zinki hupungua maikroni 4 hadi 8 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Bati la kwanza halimalizi miaka miwili bila rangi, hata liwe geji 28. Kipande kizito kilichochovywa kwenye zinki baada ya kuchomelewa huwa na maikroni 85, ndiyo maana mlingoti wa namna hiyo husimama miaka kumi na zaidi pale bati lilipokwisha. Taasisi ya Viwango Zanzibar ingeweza kutusaidia kwa jambo dogo: kulazimisha gramu za zinki zichapwe juu ya bati, karibu na jina la kiwanda, kwa herufi zinazosomeka.

Na chuma kisichoota kutu cha reli za hoteli, kile kinachopata madoa ya chai ndani ya mwaka mmoja, aghalabu ni daraja la 304. La kando ya bahari ni 316, lenye molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Sumaku haitakuambia tofauti. Yote mawili kwa kawaida haiyashiki. Dai cheti.

Mji Mkongwe una kesi yake, na huko saruji ndiyo mgeni. Kuta za matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukizipiga lipu ya saruji unyevu hukosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya lipu na kuisukuma ianguke, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyozama ukutani vinaoza kwa kukosa hewa. Chokaa iliyozeeka pia haina ule ukali wa kukilinda chuma. Mhimili wa chuma unaotiwa humo, kama ilivyofanywa karne ya 19 na kama inavyofanywa leo katika ukarabati, uko peke yake na lazima uje na kinga yake. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu wawili, mazungumzo mengi yalikuwa juu ya uzee. Uzee si sababu ya kihandisi. Maji yaliyoingia mahali fulani na kukaa ni sababu.

Kinachonikera zaidi kimo kwenye mikataba. Kipindi cha uangalizi baada ya makabidhiano aghalabu ni miezi sita hadi kumi na miwili. Kutu ya nondo huonekana mwaka wa tano, wa nane, wa kumi. Mkandarasi ameshalipwa, mkunja ringi yuko kisiwa kingine, na mkaguzi aliyekuja alikuja zege likiwa limeshashika, akapiga picha ya rangi. Ukaguzi wenye maana ni wa siku moja kabla ya kumwaga, mbao za boksi zikiwa bado upande mmoja wazi: tepu ya kupimia ikiwa imebanwa baina ya ringi na ubao, namba inasomeka, picha tatu kwa kila nguzo, ziambatanishwe na hati ya malipo ya hatua hiyo. Tepu ikisoma 50, endeleeni. Ikisoma 20, mashine ya zege isiwashwe mpaka ringi ikunjwe upya.